Kidonda cha Kisukari: Kazi ya Jeli, na Kazi ya Mguu Kupumzika

Mashamba ya chai hayajui mpaka wa kaunti, na ugonjwa wa kisukari haujui pia.

Mazungumzo ya leo ni kuhusu kidonda cha mguu kwa mtu mwenye kisukari, na bandeji za jeli ambazo watu wengi wameanza kuzisikia. Habari huja hivi: mzee fulani alikwenda kutibiwa mjini, akarudi mguu umefungwa kitu laini, baridi, chenye utelezi kama bamia iliyopikwa. Baada ya wiki kadhaa kidonda kilichokuwa cheusi kikawa chekundu na safi. Jirani akiona hivyo huuliza mara moja: hiyo jeli inauzwa wapi, ili na mama wa nyumbani apelekewe? Swali ni la haki kabisa. Jibu lake ni refu kidogo kuliko jina la duka la dawa, kwa sababu kuna kidonda ambacho jeli itakisaidia, kuna ambacho itakiharibu, na kuna kidonda ambacho hata jeli ya bei ghali kuliko zote haitakiponya kama mwenye mguu atarudi shambani asubuhi kukanyagia palepale.

Ni vizuri kuanza na namna kidonda chenyewe kinavyoingia, maana wengi hudhani kisukari kinatoboa mguu kutoka ndani. Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu, hasa ile mirefu inayofika vidoleni. Mtu huanza kuhisi kama anatembea juu ya pamba, au kama ana sindano na moto miguuni usiku. Kisha ganzi huingia, na watu wengi husema kwa furaha kwamba maumivu yamekwisha. Hapo ndipo hatari inapoanza. Maumivu yalikuwa mlinzi wa mguu, na sasa mlinzi ameondoka bila kuaga.

Nchi ya chai ina njia zake za kuumiza mguu usiohisi. Mchuma chai huamka kabla ya jua, nyasi zina umande, mvua ya Kericho haina msimu wa kuaminika. Huvaa gambuti. Gambuti ni kiatu kizuri dhidi ya matope na nyoka, lakini ndani yake mguu hutoka jasho, ngozi kati ya vidole hulainika na kuchanika. Mchanga au kokoto ndogo ikiingia, mtu mwenye miguu mizima huivua na kuikung'uta kabla ya kufika mwisho wa mstari. Mwenye ganzi huichukua kutwa nzima, kilo baada ya kilo, mpaka kituo cha kununulia majani. Akivua jioni anakuta soksi imelowa damu na hajui ilianza saa ngapi. Ikiwa shamba limepogolewa karibuni, visiki vya michai huwa na ncha kali zinazoweza kupenya kiatu cha plastiki au kandambili. Kuna mgonjwa anayeweza kutembea na kijiti kimekwama katika wayo, akidhani ni kiatu kilichojikunja.

Halafu kuna baridi. Nyanda hizi ziko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na jioni familia hukaa kuzunguka moto. Mzee hunyoosha miguu karibu na jiko, anahisi joto tamu magotini, lakini nyayo hazimwambii chochote. Anayeona kwanza huwa ni mjukuu: "Kogo, mguu wako umetoa malengelenge!" Ndivyo ilivyo pia kwa maji ya moto ya kuoga miguu. Mkono wenyewe unaweza kuwa na ganzi, ndiyo maana wahudumu wa afya hushauri maji yapimwe kwa kiwiko, au apime mtu mwingine wa nyumbani.

Jambo moja lililoandikwa na madaktari wa Dar es Salaam mwaka 2005 huwashangaza wengi. Wagonjwa wa kisukari waliletwa hospitalini na vidonda vya vidole ambavyo hawakujua vimetoka wapi. Walikuwa wameng'atwa na panya usiku wakiwa wamelala, wasihisi. Nyumba yenye ghala la mahindi karibu na kitanda haina haja ya kuambiwa mara mbili.

Sasa jeli. Kwa miaka mingi watu, hata hospitalini, waliamini kidonda kizuri ni kikavu. Kiachwe wazi kipate hewa, kifanye gamba, gamba lidondoke. Mwaka 1962 mtafiti wa Uingereza aitwaye George Winter alichapisha jaribio alilofanya kwa nguruwe. Vidonda vidogo vingine aliviacha wazi, vingine akavifunika kwa karatasi nyembamba ya plastiki ili visikauke. Vilivyofunikwa vilifunikwa na ngozi mpya kwa kasi iliyokaribia mara mbili ya vile vilivyoachwa wazi. Sababu yake ni rahisi kuielewa kwa mkulima. Chembe hai za ngozi husafiri kutoka ukingoni kwenda katikati, na hutambaa kwenye unyevu. Penye gamba kavu na gumu hulazimika kuchimba njia chini yake, kama mzizi unaotafuta udongo laini chini ya ardhi iliyopasuka.

Miaka hiyo hiyo, katika nchi iliyoitwa Chekoslovakia, mwanakemia Otto Wichterle na mwenzake Drahoslav Lím walikuwa wametengeneza aina mpya ya plastiki inayonywa maji bila kuyeyuka. Waliitangaza mwaka 1960. Krismasi ya 1961 Wichterle alikaa nyumbani akatengeneza lenzi laini za macho za kwanza kwa mashine aliyoiunda kwa vifaa vya watoto vya kuchezea na dinamo ya baiskeli. Kitu hicho ndicho kinachoitwa haidrojeli. Ni nyuzi ndefu zisizoonekana kwa macho, zilizofungamana kama wavu, na katikati ya matundu ya wavu huo mmejaa maji. Maji hayo hayamwagiki, na wavu hauyeyuki. Mzazi yeyote aliyewahi kufungua nepi ya kutupa iliyojaa ameiona: ule unga uliogeuka kuwa vipande vya jeli ni wa ukoo huo huo.

Jeli ya kidonda huja kwa namna mbili. Kuna inayokamuliwa kutoka kwenye tyubu na kuna iliyo kama kipande chembamba cha kubandika. Sehemu yake kubwa kabisa ni maji. Ikiwekwa juu ya kidonda kikavu chenye utando wa njano au nyama iliyokufa, huipa ile nyama maji, ikalainika, na mwili wenyewe ukaimeng'enya na kuiachia. Muuguzi akija kubadilisha bandeji, uchafu hutoka bila kung'ang'ania. Yeyote aliyewahi kubanduliwa shashi iliyokauka juu ya kidonda, ikang'oka pamoja na nyama mpya, anajua tofauti hiyo ni kubwa kiasi gani. Jeli pia hupoza, na hiyo peke yake ni nafuu kwa mgonjwa ambaye bado anahisi maumivu.

Je, imethibitishwa kwamba inaponya vidonda vya kisukari? Mwaka 2013 watafiti wa shirika la Cochrane, linalokusanya na kupima majaribio ya tiba duniani, walitazama majaribio yaliyolinganisha jeli na bandeji nyingine kwenye vidonda vya miguu ya kisukari. Walipata majaribio 5, yenye jumla ya washiriki 446. Matatu kati ya hayo yalilinganisha jeli na shashi au bandeji za kawaida, na waliotumia jeli walipona wengi zaidi. Lakini watafiti hao hao walionya kwamba majaribio yalikuwa madogo na hayakufanywa kwa uangalifu wa kutosha, hivyo haifai kuapa kwa matokeo yake. Mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari kwa sababu hiyo umekuwa ukiwaambia wahudumu wachague bandeji kwa kuangalia mambo matatu: kidonda kinatoa majimaji kiasi gani, mgonjwa anastarehe nayo, na bei yake. Kwa hiyo mkazi aliyefungwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, inayobadilishwa kwa wakati, asijione ametupwa. Amepata tiba halali.

Kuna pia jeli za kizazi kipya, na hizi ndizo zinazotangazwa kwa kelele. Moja ilipitishwa Marekani mwaka 1997, ikiwa imechanganywa na protini inayoziambia chembe za mwili zikue. Nyingine huwekwa madini ya fedha ili kuua vijidudu. Maabara nyingi duniani zinatengeneza jeli zinazotoa dawa kidogo kidogo, jeli zinazojiunga zenyewe zikichanika, hata jeli zinazobadilika sukari ya kidonda ikipanda. Hizi za mwisho kwa sehemu kubwa bado ziko kwenye majaribio ya panya na sungura. Mtu anayeziuza sokoni au kwa simu leo, akiahidi kidonda kufunga kwa siku saba, anauza kitu kingine.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni lini jeli haifai. Kidonda kinachotiririka majimaji hakihitaji kuongezewa maji. Kikipakwa jeli, ngozi ya pembeni hulainika, ikawa nyeupe kama vidole vilivyokaa kwenye beseni la kufulia, kisha ikachanika, na kidonda kikapanuka. Hicho hufungwa bandeji inayofyonza. Kidonda chenye usaha na harufu kinahitaji daktari kwanza, kwa kisu na antibiotiki, kabla ya mazungumzo yoyote ya bandeji. Na kidole kilichokauka, kikawa cheusi na kigumu kama mkaa kwa sababu damu haifiki, kikilainishwa kwa jeli kinaweza kugeuka kutoka kuoza kukavu kuwa kuoza kwa majimaji, ambako husambaa haraka na kunaweza kuua. Huyo ni mgonjwa wa hospitali siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana mhudumu mwenye ujuzi akiona mguu huanza kwa kuweka vidole juu ya wayo na nyuma ya kifundo kutafuta mapigo ya damu. Jeli ni baadaye. Mapigo yakikosekana, mishipa ya damu huenda imeziba, na kidonda kisicho na damu ni kama mche usiofikiwa na maji. Kisha atapima sukari, kwa sababu sukari ikiwa juu, chembe za damu zinazopigana na vijidudu hulegea, na kidonda hukaa wiki na wiki katika hali ya kuvimba bila kuingia hatua ya kujenga. Kisha atatafuta dalili za maambukizi, na kama kuna njia kutoka kidondani hadi mfupani. Baada ya hayo yote atauliza swali ambalo wagonjwa wa huku hawalipendi: kazi yako ni gani, na unasimama saa ngapi?

Hapa ndipo penye uzito wote. Kidonda kingi cha chini ya wayo husababishwa na kukandamizwa, na huendelea kuwepo kwa kukandamizwa. Daktari Paul Brand, aliyewatibu wagonjwa wa ukoma India na baadaye Marekani, aliona kwamba vidole na nyayo zao haziozi kwa ukoma wenyewe. Ziliharibika kwa sababu hazikuhisi, na zilitumiwa bila huruma. Akiufunga mguu kwa plasta ngumu inayogusa wayo wote, uzito ukasambaa na kidonda kikapona. Njia hiyo ikahamia kwa wagonjwa wa kisukari.

Mwaka 2001 watafiti Marekani waliwagawa wagonjwa 63 wenye vidonda vya wayo katika makundi matatu. Wote walipata huduma ya kidonda, tofauti ilikuwa kwenye kiatu. Waliofungwa plasta isiyovulika, karibu 90 kati ya kila 100 walipona ndani ya wiki 12. Waliopewa buti maalumu la kuvuliwa, 65 kati ya 100. Waliopewa kiatu nusu, 58. La kushangaza ni kwamba lile buti la kuvuliwa, likipimwa, hupunguza uzito karibu sawa na plasta. Mbona basi lilishindwa? Miaka miwili baadaye waliweka vifaa vya kuhesabu hatua kwenye kiuno cha mgonjwa na ndani ya buti, bila kumwambia la butini. Wagonjwa walikuwa wamevaa buti kwa hatua 28 tu kati ya kila hatua 100 walizopiga. Nyumbani walilivua. Kwenda chooni, kwenda jikoni, kwenda mlangoni kumpokea mgeni. Na wale walikuwa watu wa nchi yenye sakafu za zulia, wasio na kikapu mgongoni.

Kwa mchuma chai, kupumzisha mguu si ushauri mdogo. Ni kilo zisizochumwa. Mama mwenye ekari moja anayepeleka majani kwenye kiwanda cha wakulima wadogo anajua majani mawili na chipukizi hayasubiri. Yakipitisha siku zake hukomaa, na karani wa kituo huyakataa. Aliyeajiriwa kwenye shamba kubwa hulipwa kwa kilo. Kumwambia tu "usikanyage" na kumfungulia mlango ni kumwachia hesabu asiyoiweza peke yake. Hesabu hiyo ni ya nyumba nzima, na inapaswa kufanywa kliniki, mume au watoto wakiwepo: nani atachuma wiki hizo, nani atakwenda mtoni, mama atakaa wapi afanye kazi gani ya kuketi. Upande mwingine wa hesabu uwekwe wazi pia. Mguu uliokatwa hauchumi chai tena kwenye mteremko, na mara nyingi mguu wa pili hufuata, kwa kuwa sasa unabeba mzigo wa mbili. Wiki 12 za kuketi ni nyingi. Zilinganishwe na bonasi zote za miaka iliyobaki.

Pale ambapo plasta maalumu haipatikani, wahudumu hutumia njia nyingine: magongo, sponji nene iliyokatwa tundu mahali pa kidonda, kiatu kipana kilichorekebishwa. Si sawa na plasta, lakini ni mbali sana na kutofanya chochote.

Afrika Mashariki imeshaonyesha kwamba hili linawezekana bila hospitali za kifahari. Nchini Tanzania, Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake, wakishirikiana na wataalamu wa India na Ulaya, walianza mwaka 2004 mpango ulioitwa Hatua kwa Hatua. Walichofanya kinafaa kuangaliwa kwa makini. Hawakumfunza daktari peke yake. Kila kituo kilileta daktari na muuguzi, wakafunzwa pamoja, wakapewa vifaa vya msingi vya kukwangua nyama iliyokufa na kupima ganzi, wakarudi kwao wakawafunze wengine. Mwaka uliofuata walirudi tena. Muuguzi ndiye anayeona mguu kila siku mbili, na kama hajui anachokitazama, ujuzi wa daktari haufiki kidondani.

Huku nyumbani ngazi zipo, na kila moja ina kazi yake. Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii nchini walianza kupewa mikoba ya kazi, na ndani yake kuna kifaa cha kupima sukari na cha kupima shinikizo la damu. Sheria nne mpya za afya zilitiwa saini Oktoba 19 mwaka huo, siku moja kabla ya sherehe za Mashujaa zilizofanyika hapa hapa Kericho. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta takriban Wakenya 88 kati ya 100 hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Mhamasishaji akibisha mlangoni, kupimwa ni tone moja la damu. Apimwe na baba pia, yule anayesema yeye ni mzima.

Zahanati na kituo cha afya ndipo pa kupeleka kidonda kikiwa kichanga, siku ya kwanza au ya pili. Huduma za ngazi hizo hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi kwa aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kujisajili hufanywa kwa simu kwa kubonyeza *147#, au kwa msaada wa mhamasishaji. Kidonda kisichopungua, au chenye dalili mbaya, kiende Hospitali ya Rufaa ya Kaunti hapa mjini, au Kapkatet, na kwa walio Bomet, Longisa au Tenwek. Dalili mbaya ni hizi: mguu kuvimba na kuwa mwekundu au kubadilika rangi kupanda juu, joto, harufu, usaha, homa, ngozi kuwa nyeusi, au sukari kupanda ghafla bila sababu. Kutouma si dalili nzuri. Kwa mguu wenye ganzi ni sehemu ya ugonjwa.

Kuhusu dawa za nyumbani, maneno machache bila kumkejeli mtu. Mshubiri, ule wengi huuita alovera, una jeli ndani ya jani, na ni kweli inafanana na ya hospitali kwa mguso. Lakini jeli ya hospitali imesafishwa vijidudu, na jani limekatwa kwa kisu cha mboga. Unga wa kapsuli za antibiotiki uliomwagwa juu ya kidonda hufanya ukoko, haufiki penye maambukizi, na huvifunza vijidudu kuizoea dawa. Majivu na mafuta ya taa huunguza nyama changa. Kidonda kioshwe kwa maji safi, kifunikwe kwa kitambaa safi, mtu apande bodaboda.

Kwa aliyepewa jeli na hospitali, kanuni zake ni chache. Mikono ioshwe kwa sabuni. Jeli iwekwe kidondani tu, isienee kwenye ngozi nzima ya pembeni. Ifunikwe kwa bandeji aliyoelekeza muuguzi, na ibadilishwe kwa siku alizosema, mara nyingi kila siku moja hadi tatu. Tyubu ya mgonjwa mmoja haitumiwi na mwingine, hata kama ni ndugu na hata kama imebaki nusu. Kidonda kikianza kulowesha bandeji kupita kawaida, mgonjwa arudi bila kungoja tarehe, kwa maana kidonda kimebadilika na huenda bandeji ibadilike nayo. Na gambuti ziwekwe juu darini mpaka muuguzi aseme.

Kwa wasio na kidonda lakini wana kisukari, kuna kipimo ambacho mtoto wa darasa la tano anaweza kukifanya, kilichoanzia hospitali ya Ipswich, Uingereza. Mgonjwa alale au akae, afumbe macho. Mtu wa nyumbani amguse kwa ncha ya kidole cha shahada, wepesi kabisa, bila kusukuma wala kukuna, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu, cha katikati na kidogo cha mwisho. Afanye hivyo miguu yote miwili, ili iwe miguso sita. Kila anapohisi aseme ni mguu upi. Akikosa miwili au zaidi kati ya sita, ganzi imeingia, na aende kliniki akapimwe vizuri hata kama anatembea bila shida.

Miguu ikaguliwe kila jioni, juu, chini na kati ya vidole, na ikaushwe vizuri. Asiyeweza kuinama aweke kioo sakafuni ainue wayo juu yake. Gambuti zipinduliwe na kukung'utwa kila asubuhi kabla ya kuvaliwa, na mkono uingizwe ndani kupapasa msumari au kokoto. Soksi ziwe kavu, na jozi ya pili iende shambani kwenye mfuko wa nailoni, ivaliwe saa ya chai ya saa nne.

Baada ya mazungumzo haya wauguzi wako kwenye meza iliyo karibu na lango. Wanapima sukari na wanaangalia miguu. Viatu vinavuliwa hapo hapo, na maji ya kuoshea miguu yapo. Hakuna anayechekwa kwa soksi yenye tundu.